Nani Ataandika Kichanganuzi cha Ruhaya?

Mtu wa Nshambya, kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, akiandika "abantu bakagenda" kwenye simu yenye kikagua tahajia cha Kiswahili, maneno yote mawili hupigwa mstari mwekundu. Akiandika "watu walikwenda", mstari hauonekani. Kiswahili kimefika hapo kwa sababu kuna watu waliokaa chini miaka mingi wakaifundisha kompyuta kulikata neno vipandevipande na kutambua kazi ya kila kipande. Programu ifanyayo kazi hiyo ndiyo kichanganuzi. Ruhaya, lugha ya kwanza ya watu wengi kuanzia Kiziba mpakani na Uganda hadi Ihangiro upande wa Muleba, bado inakihitaji, na makala haya yanauliza kinaweza kupatikana kwa njia gani kwa nguvu kidogo tulizo nazo.

Jibu langu nalitanguliza ili msomaji alipime kadiri tunavyoendelea. Kichanganuzi cha Ruhaya kisiandikwe mstari kwa mstari kwa mkono. Kizalishwe: kanuni za jumla za lugha za ukoo huu ziwekwe katika violezo, ukweli wa Ruhaya uwekwe katika majedwali mafupi yanayosomeka na mwalimu yeyote wa lugha, kisha kichakataji makro kiviunganishe viwili hivyo na kutoa msimbo kamili. Njia hii imekwisha kujaribiwa kwa namna mbalimbali Kampala, Nairobi na Afrika Kusini, na matokeo yake yanatufundisha inapofaa na inapovunjika.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Chukua shina -kom-, lenye maana ya kufunga kwa kamba. Mhaya akisema "twakoma", kazi imefanyika leo hii. Akisema "tukomile", ilifanyika jana. Akisema "tukakoma", ilifanyika kabla ya jana, pengine miaka mingi nyuma. Mwanaisimu Bernard Comrie aliitumia Ruhaya katika kitabu chake cha njeo cha mwaka 1985, akiwaonyesha wasomaji wa dunia kwamba kuna lugha zinazoupima umbali wa wakati uliopita kwa siku. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia "tukakoma" atadhani ni "ka" ya masimulizi anayoijua yeye. Kompyuta iliyofundishwa Kiswahili peke yake itakosea vivyo hivyo.

Tena Ruhaya hubeba viambishi vya mtendwa zaidi ya kimoja ndani ya kitenzi. Kiswahili huruhusu kimoja tu: utasema "nimempa", na kile kilichotolewa kitabaki nje ya neno. Katika Ruhaya, kitu na mpokeaji wanaweza kuingia wote, jambo lililochambuliwa katika mkusanyiko wa makala kuhusu sarufi ya Ruhaya uliohaririwa mwaka 1977 na Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman. Ongeza irabu tangulizi mbele ya nomino, ile "o" ya "omuntu" na "a" ya "abantu", ambayo hudondoka katika mazingira fulani. Ongeza toni, ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi.

Hesabu ya mfano itatuonyesha ukubwa wa kazi. Tuseme kuna viambishi 15 vya mtenda na njeo 10: hiyo ni michanganyiko 150. Weka nafasi moja ya mtendwa yenye viambishi 15, inakuwa 2,250. Weka nafasi ya pili, inakuwa 33,750, na hapo hatujagusa kanusho wala minyambuliko ya kutendea, kutendana na kutendwa. Otomata za kisasa, yaani programu zinazolisoma neno hatua kwa hatua na kuhama kutoka hali moja hadi nyingine, hazihitaji kuorodhesha michanganyiko yote, maana kila nafasi huandikwa mara moja na kuunganishwa na inayofuata. Shida hutokea pale ambapo mwanzo wa neno unaamua mwisho wake. Katika Kiswahili, "tunapenda" huishia na "a", lakini "hatupendi" huishia na "i" kwa sababu ya "ha" iliyo mbali nyuma yake. Otomata ya kawaida haikumbuki ilikotoka, kwa hiyo mwandishi hulazimika kuinakili njia nzima: nakala moja ya kauli yakinishi, nakala nyingine ya kauli kanushi. Lugha yenye uhusiano wa mbali mwingi huzaa nakala nyingi.

Kunakili kwa mkono ndiko kunakoua miradi ya namna hii. Mwandishi anasahihisha kosa katika nakala ya tatu na kuisahau ya nane. Baada ya mwaka hakuna anayejua ipi ni sahihi. Mwanafunzi aliyeandika akihitimu na kuondoka, faili hubaki bila mwenyewe.

Tatizo hili waandishi wa programu walikutana nalo zamani, wakalitafutia dawa. Mwaka 1965 Mwingereza Christopher Strachey alichapisha maelezo ya programu yake ya kuchakata makro aliyoiita GPM, iliyozaliwa katika kazi ya kutengeneza kikusanyaji cha lugha ya programu ya CPL. Wazo lake ni dogo na lina nguvu ya ajabu: programu inasoma maandishi na kuyapitisha kama yalivyo, isipokuwa ikikutana na jina lililofafanuliwa, ambalo huliondoa na kuweka mahali pake maandishi ya ufafanuzi, huku nafasi zilizoachwa wazi zikijazwa na vitu vilivyotajwa pamoja na jina hilo. Maandishi mapya husomwa tena, na kama yana majina mengine yaliyofafanuliwa, nayo hupanuliwa. Mwaka 1977 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kichakataji makro cha m4 katika mazingira ya Unix, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Mahali ambapo m4 imekutana na vichanganuzi kwa faida kubwa ni Bison, programu ya mradi wa GNU iliyoanzishwa na Robert Corbett katikati ya miaka ya 1980, ikifuata nyayo za Yacc ya Stephen Johnson. Mtumiaji huipa Bison kanuni za sarufi, nayo humpa msimbo wa kichanganuzi. Ndani yake kazi imegawanyika. Sehemu ya kwanza hufanya hesabu: inasoma sarufi na kutengeneza majedwali ya namba yanayosema, kwa kila hali na kila alama inayofuata, kichanganuzi kifanye nini. Sehemu ya pili haifanyi hesabu yoyote. Ni kiunzi cha msimbo chenye nafasi wazi, na m4 huyamimina majedwali ndani ya kiunzi hicho. Mfumo huu wa viunzi vya m4 uliingizwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matunda yake yanaonekana: majedwali yaleyale yakimiminwa katika kiunzi cha C hutoa kichanganuzi cha C, yakimiminwa katika kiunzi cha C++ au cha Java hutoa cha lugha hiyo. Kipo pia kiunzi cha uchanganuzi wa GLR, kinachoweza kufuata tafsiri kadhaa za sentensi moja kwa wakati mmoja. Kwa lugha za watu hicho ndicho cha kuangaliwa, maana binadamu husema mambo yenye utata kila siku na huelewana.

Mgawanyo huo ndio ninaoutaka kwa Ruhaya. Kiunzi kiwe kama kibao cha kufyatulia tofali, na udongo utoke kila mahali kwa namna yake. Jedwali la ngeli linaweza kuandikwa hivi:

NGELI(1, o, mu, a)
NGELI(2, a, ba, ba)
NGELI(7, e, ki, ki)
NGELI(8, e, bi, bi)

Na jedwali la wakati uliopita hivi:

NJEO(leo, a, a)
NJEO(jana, , ile)
NJEO(zamani, ka, a)

Mstari wa kwanza wa jedwali la juu unasema: ngeli ya 1 ina irabu tangulizi "o", kiambishi cha nomino "mu" na kiambishi cha mtenda "a". Mstari wa pili wa jedwali la chini unasema: tukio la jana halina kiambishi kabla ya shina, nalo huishia na "ile". Mwalimu mstaafu wa Nshambya ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kuyasoma majedwali haya, akasahihisha, akaongeza. Hayo ndiyo maandishi pekee anayohitaji kuyaona. Nyuma yake, NGELI na NJEO ni makro zilizofafanuliwa katika faili lingine, na kila mstari mmoja ukipanuliwa hutoa makumi ya mistari ya msimbo: nomino yenye irabu tangulizi na isiyo nayo, kitenzi katika kila njeo, kauli yakinishi na kanushi, upatanisho wa kivumishi na wa kionyeshi. Ikigundulika kwamba kanuni fulani ya kanusho ilieleweka vibaya, inasahihishwa mahali pamoja katika kiunzi, programu inazungushwa upya, na nakala zote zinabadilika pamoja.

Msomaji makini atauliza: jedwali linasema "tu", kisha "a", kisha "kom", kisha "a". Hiyo ingetoa "tuakoma", lakini Wahaya husema "twakoma". Vilevile "eki" na "alo" hutoa "ekyalo", yaani kijiji, na "olulimi" katika wingi huwa "endimi". Hapa ndipo wengi hupotoka kwa kujaribu kuifanya makro itambue sauti. Makro isipewe kazi hiyo. Mabadiliko ya sauti yana utaratibu wake, na dawa yake ilipatikana mwaka 1983 Helsinki, pale Kimmo Koskenniemi alipotoa tasnifu ya mofolojia ya ngazi mbili: ngazi ya ndani ina vipande kama vilivyo katika kamusi ya akili, ngazi ya nje ina neno kama linavyoandikwa, na kati yake zimesimama kanuni zinazofanya kazi zote kwa pamoja. Kwa hiyo kazi igawanywe mara tatu. Majedwali yabebe ukweli wa lugha moja, kiunzi kibebe mpangilio wa nafasi, na kanuni za sauti ziwe na faili lake. Mradi unaochanganya hivi vitatu hufika mahali ambapo kila sahihisho linazaa kosa jipya.

Mtu aliyethubutu mapema kuutumia utaratibu wa Koskenniemi kwa lugha ya Kibantu alikuwa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Alianza kukishughulikia Kiswahili mwaka 1985, akachapisha maelezo ya kichanganuzi chake mwaka 1992, na mfumo mzima ulikuja kujulikana kwa jina la SALAMA. Ulikuwa ni ujenzi wa mkono, wa mtu aliyeijua lugha na kuivumilia kwa miongo. Nauheshimu sana, na ninaamini kila anayetumia kikagua tahajia cha Kiswahili leo ana deni kwa kazi ya aina hiyo. Lakini hatuwezi kuufanya kuwa mpango. Tanzania ina lugha zinazokaribia 150 kwa mujibu wa Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukingoja kila lugha impate mtaalamu wake wa kuitumikia maisha yake yote, nyingi zitanyamaza kabla zamu yao haijafika.

Majirani wa karibu zaidi wa Ruhaya wamekwisha kupiga hatua. Ng'ambo ya mpaka, Fridah Katushemererwe wa Makerere, akiwa pamoja na Thomas Hanneforth, alichapisha mwaka 2010 uchanganuzi wa nomino za Runyakitara kwa otomata, na mwaka 2013 akakamilisha tasnifu Groningen kuhusu mofolojia ya kikompyuta ya lugha hizo na matumizi yake katika kujifunza. Runyakitara ni jina la pamoja la Runyoro, Rutooro, Runyankore na Rukiga. Wanaisimu huziweka lugha hizo nne katika kundi moja na Ruhaya, Runyambo ya Karagwe, Kizinza na Kikerewe, kundi la Rutara. Mwaka 2020 David Bamutura, Peter Ljunglöf na Peter Nabende walieleza sarufi ya kikompyuta ya Runyankore na Rukiga waliyoiandika katika mfumo wa GF ulioanzishwa na Aarne Ranta.

GF inahitaji tusimame kwayo kidogo, kwa kuwa imechukua wazo la kiolezo ikalipeleka mbali kuliko m4. Ndani yake kuna sarufi dhahania, inayosema tu kwamba kuna nomino, kitenzi, kirai na kadhalika, na sarufi halisi ya kila lugha. Lugha za ukoo mmoja zinaweza kushiriki moduli moja yenye vigezo: Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania vina kiunzi cha pamoja, na kila lugha hujaza tofauti zake. Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi alieleza sarufi ya Kiswahili katika GF mwaka 2012. Baadaye Benson Kituku, akishirikiana na Ng'ang'a na Lawrence Muchemi, alikishughulikia Kikamba, kisha Ekegusii, na mwaka 2021 wakaandika kuhusu namna mfanano wa lugha za Kibantu za Kenya unavyopunguza kazi ya kuandika sarufi mpya. Hoja yao inaniunga mkono moja kwa moja: mzigo mkubwa ni wa lugha ya kwanza, na zinazofuata hubebwa kwa sehemu na kile kilichokwisha kuandikwa.

Kusini nako Sonja Bosch, Laurette Pretorius na Axel Fleisch walichapisha mwaka 2008 jaribio la kukitumia kichanganuzi cha Kizulu kama mbegu ya vichanganuzi vya Kixhosa, Kiswati na Kindebele. Mfanano ulisaidia sana. Kilichobaki kikiwa kigumu kilikuwa mashina ya maneno ya kila lugha na tofauti ndogondogo za viambishi, yaani mambo yaleyale ambayo katika mpango wangu yanakaa kwenye majedwali.

Lakini ipo hoja dhidi ya violezo, na imetoka kwa watu waliofanya kazi kwa bidii katika lugha ya jirani zetu. Joan Byamugisha, Maria Keet na Brian DeRenzi walitaka kompyuta itoe maelezo ya matumizi ya dawa kwa Runyankore, ili mgonjwa apate kusoma kwa lugha anayoielewa. Kwa Kiingereza kazi hiyo hufanywa kwa kiolezo chepesi: sentensi imeandikwa tayari, pengo moja limeachwa kwa ajili ya jina la dawa. Kwa Runyankore ilishindikana, kama Keet na Langa Khumalo walivyokuwa wameona kwa Kizulu. Ukibadilisha nomino katika pengo, ngeli inabadilika, na ngeli ikibadilika inavuta kitenzi, kivumishi na kionyeshi. Pengo moja linalazimisha sentensi nzima iandikwe upya. Ikabidi wajenge injini ya sarufi, na kwa vitenzi wakatumia kanuni za sarufi huru kimuktadha, kazi waliyoieleza mwaka 2016.

Naikubali hoja hiyo yote, na bado haiangushi njia ninayoitetea. Kilichoshindwa ni kiolezo cha sentensi, kile cha kujaza pengo na kumaliza. Kiolezo ninachokisema kiko ngazi moja nyuma: kinazalisha kanuni, na kanuni ndizo zinazozalisha au kuchanganua sentensi. Makro ikipewa ngeli 15 hutoa kanuni 15 za upatanisho, kila moja ikimfunga mtenda wa ngeli yake na kitenzi cha ngeli yake. Wazo la sarufi inayozaa sarufi lina heshima ya zamani. Adriaan van Wijngaarden alilitumia katika miaka ya 1960 kuieleza lugha ya programu ya Algol 68. Byamugisha na wenzake wenyewe walionyesha kwamba kanuni za Kizulu zinaweza kuwa mwanzo wa kanuni za Runyankore, ingawa lugha hizo mbili zimetengana kwa maelfu ya kilomita. Kutoka Runyankore kwenda Ruhaya ni safari fupi mno.

Ufupi wake lakini unaweza kudanganya. Runyankore ina "-ire" pale Ruhaya ilipo na "-ile", na mtu anaweza kudhani kwamba kubadili "r" kuwa "l" kunatosha. Hakutoshi. Katika Runyankore shina "-gyend-" likikutana na "-ire" huwa "-gyenzire", na kila lugha ya Rutara ina orodha yake ya konsonanti zinazobadilika mahali hapo. Henry Muzale aliandika tasnifu mwaka 1998 kuhusu historia ya njeo na hali katika lugha za Rutara, na anayetaka kujua kiunzi cha pamoja kiishie wapi na jedwali la Ruhaya lianzie wapi ataanzia hapo. Muzale huyohuyo ndiye mtunzi wa Kamusi ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 2006. Kwa Runyambo kuna kazi za Josephat Rugemalira, pamoja na kitabu chake cha sarufi cha 2005. Malighafi ya kitaalamu ipo. Imelala katika vitabu vilivyochapwa nakala chache.

Swali la Ruhaya ipi ni zito kuliko yote ya kiufundi. Mtu wa Kiziba, wa Bugabo, wa Kianja na wa Ihangiro wanaelewana, lakini kila mmoja anajua mwenzake anatoka wapi akifungua kinywa. Kichanganuzi kilichoandikwa kwa mkono hulazimika kuchagua lahaja moja, na lahaja isiyochaguliwa hugeuka kuwa kosa la tahajia kwenye simu ya mwenye nayo. Hapa kichakataji makro kina faida ambayo naithamini sana. Jedwali linaweza kuwa na mistari yenye sharti: umbo hili likubalike Ihangiro, lile Kiziba, mengine yote kote. Kiunzi kilekile kikitolewa mara moja kwa kila lahaja hutoa vichanganuzi pacha, na kikitolewa kwa pamoja hutoa kimoja kinachowakubali wote. Uamuzi wa kusanifisha utabaki kwa Wahaya wenyewe, wala hautafanywa kwa siri na mtu mmoja aliyekuwa na haraka ya kumaliza faili.

Nimeisifia m4, na ni haki niseme pia inavyotesa. Kwa desturi yake inafungua nukuu kwa alama ya ` na kuifunga kwa ritifaa. Andika "ng'ombe" ndani ya nukuu ya m4, na ritifaa ya katikati itaifunga nukuu kabla ya wakati. Yatakayofuata yatapanuliwa ovyo, na kosa litaonekana mamia ya mistari mbele. Kwa lugha zetu zenye "ng'", kazi ya kwanza kabisa ni kubadilisha alama za nukuu. Bison yenyewe imezibadilisha, inatumia mabano ya mraba. Koma nayo hutenganisha vitu vya makro, kwa hiyo koma iliyosahaulika katika jedwali husogeza kila kitu nafasi moja, na programu haitalalamika: "ki" itakaa mahali pa irabu tangulizi, na utapata upuuzi uliopangwa vizuri. Marudio nayo huandikwa kwa makro kujiita yenyewe, mtindo unaomchosha mgeni.

Kosa likitokea katika msimbo uliozalishwa, kompyuta hutaja mstari wa faili ambalo hakuna mtu aliyeliandika. Bison hulitatua kwa kuweka alama ndani ya msimbo zinazoirudisha namba ya mstari kwenye faili la asili, na m4 ina uwezo wa kufanya hivyo ikiombwa. Mradi wa Ruhaya usianze bila hilo. Vilevile kuwe na sheria isiyo na msamaha kwamba faili lililozalishwa haliguswi kwa mkono. Siku mtu atakapolisahihisha "kidogo tu", majedwali na matokeo vitaachana, na mzunguko unaofuata utaifuta kazi yake.

Je, ni lazima iwe m4? Hapana. Kijana wa leo anaweza kuzalisha mistari hiyohiyo kwa programu fupi ya Python, au kuitumia GF yenye vigezo vyake na kupata ukaguzi wa makosa ambao m4 haina. Kwa uchanganuzi wa maneno, ningependelea violezo vinavyotoa faili za otomata zinazosomwa na foma, programu huria ya Mans Hulden iliyotoka mwaka 2009, kwa sababu matokeo yake ni faili dogo linalofanya kazi kwenye simu ya bei nafuu bila intaneti. Kwa sentensi ningeifuata GF. Chombo kitabadilika baada ya miaka. Majedwali yakiandikwa kwa maandishi ya kawaida, chombo chochote kijacho kitayasoma.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwamba mifumo mikubwa ya akili unde itajifunza Ruhaya yenyewe. Mifumo hiyo hujifunza kwa maandishi mengi sana, na Ruhaya ina maandishi machache: vitabu vya nyimbo na sala, kamusi, makala za wanaisimu, ujumbe wa simu ambao hauhifadhiwi. Shuleni haifundishwi. Hata pale maandishi yanapopatikana, kichanganuzi hakikosi kazi. Mwaka 2022 Antoine Nzeyimana na Andre Niyongabo Rubungo walionyesha kwa Kinyarwanda kwamba mfumo wa akili unde unaopewa maneno yaliyokwisha kukatwa na kichanganuzi cha mofolojia hufanya vizuri kuliko ule unaoyakata maneno kwa takwimu tupu. Njia mbili hizo zinasaidiana, na ya kanuni ndiyo inayoweza kuanza leo.

Haja nayo ni ya watu halisi. Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, na watu walipoteza maisha kabla haujatangazwa kumalizika mwanzoni mwa Juni. Wakati kama huo onyo la usiguse maiti, nenda kituo cha afya, taja uliokutana nao, linapaswa kumfikia bibi wa kijijini kwa maneno anayoyaelewa bila mkalimani, tena kwa haraka, na likibadilika leo jioni libadilike kwa lugha zote. Mfumo wenye kanuni za Ruhaya unaweza kutoa maneno hayo kwa usahihi wa sarufi unaokaguliwa mapema na wazee wenyewe. Kwa kazi hiyo siuamini mfumo unaobahatisha.

Mpango ninaoupendekeza hauhitaji jengo wala mfadhili mkubwa. Uanze na orodha ya maneno mia chache ya Ruhaya, kila neno likiwa limekatwa kwa mkono na watu wawili wasiotazamana, mmoja wa Bukoba na mmoja wa Muleba. Orodha hiyo ndiyo mtihani ambao kila toleo litafanyiwa. Yafuate majedwali ya ngeli na njeo, yakilinganishwa na kazi za Muzale na za Byarushengo na wenzake. Kiunzi kiandikwe mwishoni, na kabla ya kukiandika, waandishi wa sarufi ya Runyankore na Rukiga waombwe walichonacho. Majedwali yawekwe hadharani kwa leseni huria, yakiwa na majina ya wazee na walimu waliotoa maarifa yao, kwa ridhaa yao.

Wanafunzi wa isimu na wa kompyuta wa Dar es Salaam mliotoka Kagera, kazi hii ni yenu kabla haijawa ya mtu mwingine. Tasnifu moja ya uzamili inatosha kuyakamilisha majedwali ya nomino. Anzeni na ngeli ya 1 na ya 2, na muwasomee wazazi wenu kila mstari kabla hamjalihifadhi faili.